Walimu wa msingi na wazazi: swali la "nani kaanza?" limenipotosha miaka mingi

Chaki ya Uporoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku ukungu umeshuka tangu saa tisa, umeme hakuna na simu imebakiza chaji kidogo, kwa hiyo nikikatika katikati mtanisamehe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku juu kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, ukishapita Isyonje. Shule siitaji. Wiki ya zamu ikinifikia, nusu ya kazi yangu inakuwa kuamua ugomvi. "Mwalimu, huyu kanipiga." "Mwalimu, kaficha ndoo yangu." "Mwalimu, kamtukana mama yangu." Na utaratibu wangu ulikuwa ule ule mnaoujua wote: unawasimamisha wawili, unauliza nani kaanza, wananyoosheana vidole, mashahidi kumi na wawili wanaropoka kwa pamoja, unachoka, unawachapa wote, "nendeni darasani". Dakika tatu kesi imekwisha. Nilijiona hodari kweli kweli.

Julai ya mwaka juzi ndiyo iliyonishika shati.

Baridi ya Julai ya huku mnaijua, asubuhi viazi shambani vimeungua kwa sakitu na watoto wanakuja mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta. Mapumziko ya saa nne nikasikia kelele nyuma ya jiko. Duara la watoto, "Mchape! Mchape!" Katikati wavulana wawili wa darasa la nne. Mmoja nitamwita Mrefu. Mwingine Kofia, maana kofia yake ya sufu havui hata akiitwa mbele ya mwalimu mkuu. Kofia anatoka damu puani, na sweta lake limechanika kutoka begani mpaka kwenye kiwiko. Ni sweta la kufumwa kwa mkono, kazi ya bibi yake. Damu hakuwa na habari nayo. Alikuwa anakusanya nyuzi zilizoning'inia, mmoja mmoja, kama anayechambua mchele.

Nikauliza, nani kaanza? Mashahidi wote: Kofia, mwalimu, Kofia ndiye aliyerusha ngumi ya kwanza. Kwa sheria yangu ya siku zote kesi ilikuwa imeisha pale, Kofia ana makosa.

Bahati, mwalimu mkuu akaniita, afisa elimu kata kafika bila taarifa. Nikawaambia wale wawili: ingieni stoo, kaeni pale kwenye gunia, mpukuchue mahindi ya makande mpaka nirudi. Nikawasahau. Nimerudi baada ya nusu saa na zaidi, nakaribia mlango nasikia wanaongea, sauti za chini. Nikasimama nje.

Kofia anasema, "Mimi nilichapwa kwa ajili yako."
Mrefu, "Sikujua ni zako."
"Uliona uzi mwekundu. Bibi hufunga na uzi mwekundu."
Kimya. Mahindi yanadondoka kwenye debe.
"Niliuona."

Nikaelewa polepole, na nilivyozidi kuelewa miguu ikawa mizito. Jumanne kwetu ni siku ya kuni, kila mtoto mzigo mmoja kwa ajili ya jiko. Jumanne ya wiki iliyotangulia mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Kofia alileta mapema, akatua kwenye lundo, akaenda kufagia. Mrefu akaja mikono mitupu, akachukua ule mzigo, akasimama nao mbele yangu, nikamtia tiki. Nilipomwita Kofia hakuna mzigo. "Nimeleta, mwalimu." "Uko wapi?" Nikampa fimbo mbili za kuni na ya tatu ya kusema uongo.

Kwa hiyo ugomvi ambao ningeuamua nilikuwa ndani yake mimi mwenyewe, na mashahidi wale kumi na wawili hakuna aliyenitaja.

Nikaingia, nikapindua debe, nikakaa, nikachukua bunzi na mimi nikaanza kupukuchua. Sikujua nianzie wapi, nikajikuta nauliza, "Kitu gani kimeharibika?" Kofia akasema, sweta. Halafu akanyamaza, akaongeza, "Na jina." Jina gani? "Kwenye daftari lako umeandika sikuleta kuni."

Wakuu, fimbo hakuitaja. Alitaja daftari.

Nikaenda ofisini nikalileta, nikafuta ile alama nyekundu ya mkasi mbele yao, nikaandika "alileta". Nikamwambia, nilikuchapa kwa makosa, unisamehe. Akaitikia kwa kichwa bila kuniangalia, akaendelea na mahindi. Mrefu ndipo akaanza kulia. Mama yake alikuwa ameshuka Usangu kuvuna mpunga tangu Juni, yeye kaachwa na mdogo wake kwa shangazi mwenye watoto watano, na kuni zilizo karibu ni za shamba la milingoti lenye mlinzi mwenye mbwa. Nikamuuliza, sweta la mwenzako unalifanyaje? Akasema mwenyewe atamchotea bibi maji wiki nzima. Kofia akasema siku tatu zinatosha, bibi hana mapipa mengi. Mimi nikabeba kwa mwalimu mkuu suala la kuni: mtoto asiye na mtu mzima wa kumkatia asidaiwe.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna. Stoo na mahindi vimebaki. Mikono ikiwa na kazi na macho yapo kwenye bunzi, mtoto husema mambo ambayo akisimamishwa mbele yako mikono nyuma hayasemi. Nawakalisha upande mmoja wa gunia, siwatazamishi uso kwa uso. Kila mmoja anasimulia bila kukatizwa, halafu mwenzake anarudia alichosikia mpaka mwenyewe aseme "ndivyo nilivyosema". Hapa ndipo penye kazi. Mtoto anarudia kwa kejeli mara ya kwanza, mara ya pili anapunguza, mara ya tatu anaanza kusikia anachosema. Mwisho, kitu gani kimeharibika na nani atakitengeneza. Radhi siilazimishi. Radhi ya kulazimishwa hutoka mdomoni huku jicho likisema "tutaonana njiani".

Na kweli huwa wanaonana njiani, ndiyo maana baada ya siku tatu nne nawaita tena, kila mmoja peke yake, namuuliza hali ikoje.

Karibuni na uzoefu wenu. Nawasilisha.

Mama wa Uyole

Mwalimu umeniliza hapo kwenye "na jina". Mwanangu wa darasa la tatu aliwahi kugoma kwenda shule siku mbili, tukadhani malaria, kumbe kaandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele wakati alikuwa hayupo darasani. Kiranja alikuwa na kisasi naye cha rede, walitoana kwenye mchezo.

Fundi Mbao Mafinga

Mnawalea hawa watoto kama mayai. Sisi tulichapwa, tumekuwa watu. Darasa lina watoto 80, mwalimu akae chini apukuchue mahindi na kila wawili waliogombana, atafundisha saa ngapi? Na hiyo ya kupukuchua mahindi tuseme ukweli ni ajira ya watoto mkuu, hahaha.

Chaki ya Uporoto

Fundi, hoja ya muda ni ya kweli na sitaikwepa. Darasa langu lina 87. Siwezi kukaa na kila ugomvi, na sikai. Kalamu imepotea, mtu kakalia nafasi ya mwenzake, hayo yanaishia mlangoni kwa neno moja. Stoo naingia na wale wawili ambao jina lao limekuja kwangu mara ya pili. Nina daftari dogo la shilingi mia tano, naandika tarehe, nani na nani, na kitu kilichogombaniwa. Baada ya muhula mmoja nilipolisoma nikaona vitu ni vile vile: kuni, ndoo ya kunawia, nafasi kwenye dawati lililo mbali na dirisha lililovunjika kioo. Ndoo tukaongeza mbili, na dirisha tukaziba kwa mbao. Dirisha lile limenipunguzia kesi kuliko fimbo zote nilizowahi kukata.

Kuhusu sisi tulichapwa: nami nilichapwa. Lakini nimesoma na kanuni. Kanuni za viboko za 2002 zinasema anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Zile fimbo zangu tatu za Jumanne hazikuandikwa popote, sikuteuliwa na mtu, na kukosa kuni si kosa kubwa. Kwa hiyo hata ukiipenda fimbo, ile niliyoitumia mimi haikuwa ya sheria.

Ajira ya watoto: makande wanayala wao, nami napukuchua nao. Nishitaki.

Mtoto wa Kalenga

Kamwene wote. Mimi nina swali gumu kidogo. Sisi Wahehe mnatutania kula mbwa, tumezoea, nasi tunayo ya kuwarudishia. Sasa nilihamia Mbeya kikazi, binti yangu yuko darasa la tano, ndiye Mhehe peke yake darasani. Kila siku akifungua kontena la chakula, "leo mbwa wa nani?" Nikaenda shule. Mwalimu akacheka, akaniambia ni utani tu baba, wewe mkubwa hujui utani? Nikajiona mjinga nikarudi nyumbani. Binti sasa hali mchana. Ugomvi haupo, hajapigana na mtu. Mwalimu kama wewe unaufanyaje huu?

Mstaafu wa Tukuyu

Mwanangu wa Kalenga, nikujibu mimi niliyefundisha miaka thelathini na mitano, Chaki ataongeza.

Utani una pande mbili. Mtani wako unamtania na yeye anakutania, na siku ya msiba wako ndiye anayekuja kubeba jeneza na kuchekesha waliofiwa. Ana haki juu yako nawe una haki juu yake. Ikiwa arobaini wanamsema mmoja, na huyo mmoja hana wa kumsemea, hapo mtani yuko wapi? Hao wanamwonea na wamejifunika blanketi la mila. Rudi shule. Usiseme "wanamtania", sema "hali mchana". Mwalimu akicheka tena, nenda kwa mwalimu wa malezi au waliopewa dawati la ulinzi wa mtoto hapo shuleni. Na ukiona vema, muulize binti ni yupi kati ya hao akitazamwa naye huwa anainamisha kichwa. Huyo ndiye wa kuanza naye.

Zamani huku kwetu Unyakyusa wavulana walikuwa wakifikia umri wa kuchunga wanakwenda kujenga kijiji chao na marika wao, wanalala huko, wanakula kwa zamu nyumbani kwa mama wa kila mmoja. Ugomvi wao waliumaliza wenyewe kwa wenyewe kabla haujawafikia wazee, na aliyeshindwa kuishi na wenzake aibu ilikuwa yake. Sisemi turudi huko, na wadogo walionewa vilevile, nisiwadanganye. Nasema watoto wana akili ya kuamua kuliko tunavyowapa.

Chaki ya Uporoto

Mzee shikamoo. Umenisogeza mahali nilipotaka kupakwepa, basi acha niseme.

Baada ya ile ya sweta nilijiona fundi. Kila kesi stoo, kila kesi mahindi. Mwaka uliofuata akaja mama wa msichana wa darasa la pili kulalamika, kuna mvulana wa darasa la saba anasimama kwenye daraja la magogo mtoni asubuhi, anatoza. Kiazi cha kuchemsha au shilingi mia. Asiye nacho anasukumwa majini. Nami bila kufikiri nikawaita wawili, yule wa saba na yule wa pili, nikawakalisha kwenye gunia. Semeni kila mmoja upande wake. Mvulana akasema vizuri, ana maneno. Msichana akasema "hamna kitu, mwalimu". Nikafurahi, nikawashikisha mikono, kesi imekwisha na dakika kumi hazijafika.

Wiki mbili zilizofuata yule msichana akawa anachelewa. Sketi ina matope mpaka magotini. Zamu yangu ilipofika nikamdekisha darasa kwa kuchelewa, mara tatu. Aliyeniambia ni mama mmoja anayeuza maandazi barabarani: "Mwalimu, kale katoto siku hizi kanapita juu kwenye msitu, peke yake, giza halijaisha, kanaogopa daraja."

Yaani nilimkalisha mtoto wa miaka minane bega kwa bega na mtu anayemwogopa, nikamtaka ajitetee. Halafu nikamwadhibu kwa kukimbia.

Nesi Msomaji

Pole mwalimu, na asante kwa kulisema hadharani. Hili watu wamelifanyia kazi muda mrefu. Kule Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavulana watatu walijiua baada ya kuonewa shuleni, serikali ikaamka, mwaka 1983 kampeni ya nchi nzima ikaanza, na mtafiti aliyekuwa mbele ni Dan Olweus. Alitofautisha uonevu na ugomvi kwa mambo rahisi: uonevu ni wa makusudi, unajirudia, na mmoja ana nguvu kuliko mwenzake, iwe ya mwili, ya umri au ya wingi wa watu nyuma yake. Ugomvi wa walio sawa unaupatanisha. Uonevu unausimamisha kwanza, kila mtoto unaongea naye pembeni, na yule mdogo huulizwi "wewe ulimfanya nini". Ukiwapatanisha, umemwambia mdogo kwamba naye ana sehemu yake ya makosa.

Na wazazi wenzangu, kama kuna kuguswa mwili kwa namna isiyo nzuri, kuumizwa vibaya, au silaha, hapo msikubali kikao cha kupatana, si shuleni, si kwa mtendaji, si kwa mbuzi. Inakwenda hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi.

Chaki ya Uporoto

Nesi, sawasawa kabisa. Baada ya maandazi tulifanya hivi: mzazi wa mvulana aliitwa na mwalimu mkuu, darajani akawa anasimama mzazi mmoja wa kamati ya shule kwa zamu kila asubuhi kwa mwezi, na wadogo wa kitongoji kile wakawa wanakuja kwa kundi. Mvulana nilikaa naye peke yangu siku kadhaa. Alipokuwa darasa la pili naye alitozwa pale pale darajani. Akaniambia bila aibu, kama mtu anayeeleza kwamba sasa zamu yake ya kuvuna imefika. Msichana nilimwomba radhi nyumbani kwao mbele ya mama yake. Aliniuliza kama atadeki tena.

Ndaga Fijo

Mwe, huu uzi mzito. Wa kupunguza machozi: vipi kuwaachia watoto wenyewe waamue, kama mzee alivyosema? Viranja si wapo?

Chaki ya Uporoto

Viranja nilijaribu, haikufaa. Kiranja amezoea kuandika majina, watoto wanamwona kama fimbo yenye miguu. Nikawaambia darasa la tano na la sita wachague wenyewe wanne wanne, sharti moja tu: awe mtu ambaye ukimwambia siri haifiki kwenye bomba la maji. Walichagua watoto ambao nisingewachagua. Mmoja ni wa mwisho darasani kwa hesabu, kila mtihani. Kumbe ndiye wanayekwenda kwake wote.

Tatizo lake sikulitarajia. Nilidhani watakuwa wapole. Wakuu, watoto wana hukumu kali! Kesi ya kwanza, mvulana katoboa mpira kwa hasira. Wakampa asicheze mpira mwaka mzima, anyang'anywe na jezi, na akila makande akae peke yake. Nikauliza, mpira utapona hivyo? Wakatazamana. Yule wa mwisho kwa hesabu akasema basi asuke mwingine wa makaratasi na kamba za migomba, tuchezee mpaka shule inunue. Jamaa alisuka. Ukawa mzuri kuliko ule wa dukani, ule wa dukani kwa baridi ya huku ukipiga kichwa unaona nyota.

Kesi zenye damu, wizi wa pesa na za mkubwa kwa mdogo hawazigusi, hizo lazima zije kwangu au kwa mwalimu wa malezi.

Fundi Mbao Mafinga

Bado siamini yote, ila ya kuziba dirisha nimeikubali, hiyo ni ya kwetu mafundi. Kuna shule jirani na karakana yangu ina madirisha ya namna hiyo, nitapita na mabanzi Jumamosi.

Mama wa Uyole

Mwalimu hujatuambia, Mrefu na Kofia wakoje sasa? Ni marafiki?

Chaki ya Uporoto

Wako darasa la sita. Marafiki hapana, wanakaa madawati ya mbali na sijawahi kuwaona wakitembea pamoja. Mama yake Mrefu alirudi na gunia moja la mpunga, kuni sasa Mrefu analeta mwenyewe, mzigo mkubwa. Sweta bibi alilishona, kiwiko kikawa chekundu na lililobaki la bluu, na Kofia amekua halimtoshi, analivaa mdogo wake.

Kuni za Kofia bado zinafungwa kwa uzi mwekundu. Zamani lilikuwa fundo moja. Jumanne hii nimehesabu matatu.